Shajara ya mradi: kitabu cha Liemba na kazi zinazokilisha, Kigoma

Hali ya mwanzo

Lengo ni kitabu kimoja cha Kiswahili, kurasa 240 za ukubwa wa A5, kuhusu meli ya Liemba tangu ilipofungwa ndani ya masanduku huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, hadi iliporudi kazini Ziwa Tanganyika mwaka 1927. Hakuna mfadhili. Kitabu kinalipiwa na kazi ambazo mwandishi wa kujitegemea wa mikoani huishi nazo: vipindi vya redio, makala za magazeti na majarida, picha na maelezo yake, tafsiri, uhariri wa ripoti za watu wengine, na kuwaongoza wageni wanaokuja kupiga filamu. Tuko wawili. Mmoja anaandika na kurekodi, mwingine anapiga picha na kupanga kurasa.

Kazi hizi huonekana kama zimetawanyika, na nyingi hukwama kwa sababu zinaendeshwa zikiwa zimetawanyika kweli: redio ina daftari lake, gazeti lina lake, kitabu kinangoja muda utakaobaki. Muda haubaki. Mradi huu unajaribu njia nyingine, yaani hazina moja ya kumbukumbu, na kila kazi inachota humo.

Wiki ya 1: hesabu ya maneno, kisha jedwali

Ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 unabeba maneno kama 280 ya Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo hesabu za vitabu vya Kiingereza hazifai hapa. Maneno 60,000 ni kurasa 214 hivi. Zinazobaki ni za picha, ramani na kurasa za mwanzo. Sura ni 12, kila moja ya maneno 5,000 hivi.

Mtu mwenye makala ya kupeleka kila wiki hapati maneno safi zaidi ya 600 ya kitabu kwa siku, na siku hizo ni nne kwa wiki. Ni maneno 2,400 kwa wiki, wiki 25 za kuandika tu. Anayejiwekea miezi mitatu atakata tamaa mwezi wa pili akidhani tatizo ni uvivu, kumbe alikosea kugawanya.

Jedwali la kumbukumbu lina safu nane: namba, tarehe, mahali, jina la faili, msemaji, ridhaa yake, lugha, na ya mwisho, *limetumika wapi*. Namba ni fupi, mfano LB-06-014: mradi, wiki, kipande. Namba hiyo hiyo inaandikwa kwenye daftari la karatasi, kwenye faili la sauti na kwenye picha. Safu ya nane ndiyo watu huiacha, na ndiyo iliyokuja kutuokoa wiki ya 9.

Wiki ya 2: vibali

Kitambulisho cha mwanahabari hutolewa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Hicho kinakutambulisha wewe, lakini hakikufungulii kila lango. Bandarini na stesheni ya reli, omba ruhusa ya maandishi kwa mamlaka husika kabla ya kutoa kamera. Vijijini, barua ipitie ofisi ya wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kwenye mwalo, yaani ufukwe ambapo mitumbwi hushusha samaki, muone pia kiongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi hapo. Ukimruka, asubuhi utakayofika na vinasa sauti wavuvi watakudhania mkaguzi wa nyavu, na hutapata neno.

Tumepeleka pia maombi ya taarifa kwa ofisi moja ya umma kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sheria inaipa taasisi siku 30 kujibu. Ombi liwe la kitu kimoja chenye jina: daftari fulani, la mwaka fulani. Ukiomba “taarifa zote kuhusu bandari” utarudishiwa barua ya kukuuliza unataka nini, na siku zinapotea.

Wiki ya 3 na 4: mfupa wa tarehe

Kabla ya kumhoji mtu yeyote tuliunda mfupa wa tarehe, kwa sababu bila huo huwezi kujua ni lini msimuliaji anachanganya matukio mawili. Mfupa ulivyo sasa:

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma tarehe 1 Februari 1914. Meli ilitengenezwa na kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku 5,000 hivi na kuletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg walikuja kuiunga: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, jina la gavana wa Kijerumani wa miaka ya 1901 hadi 1906. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916. Waingereza waliiibua tarehe 16 Machi 1924, na ikarudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba, jina ambalo msafiri na mmisionari David Livingstone aliliandika kwa upande wa kusini wa ziwa.

Makosa yanayorudiwa katika makala nyingi ni matatu, na yote yana sababu. La kwanza ni kuchanganya kushushwa majini na kuanza kazi: Februari 1915 meli ilielea, lakini safari zilianza Juni. La pili ni la aina hiyo hiyo, 1924 na 1927. Mwandishi mwenye haraka anaona miaka miwili kwenye vyanzo viwili, anadhani kimoja kimekosea, anafuta mmoja. Vyote viko sahihi, ila kila kimoja kinajibu swali lake. La tatu ni kusema Waingereza waliizamisha Goetzen kwa mizinga. Hiyo ni habari ya meli nyingine. Boti mbili za Uingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka kusini mwa Afrika kwa reli, kwa mto na kwa kuvutwa nchi kavu chini ya ofisa Geoffrey Spicer-Simson, ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kushiriki kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916. Goetzen haikuguswa na boti hizo.

Sehemu inayostahili nafasi zaidi kitabuni ni namna ilivyozamishwa. Mitambo ilipakwa grisi nzito kabla ya maji kuingia, na meli ikajazwa mchanga ili itulie chini. Ilizamishwa na watu waliotaka irudi. Ndiyo maana miaka minane baadaye injini na boila zilionekana bado zinafaa. Sura ya 7 itakaa hapo kurasa kumi nzima, na haitaharakishwa.

Kanuni ya mradi: tarehe inaingia kwenye mfupa ikiwa imeonekana katika vyanzo viwili ambavyo kimoja hakikunakili kingine. Tovuti kumi zenye sentensi ileile ni chanzo kimoja.

Wiki ya 6: sauti, mwalo wa Katonga

Kipindi cha redio cha dakika 8 kuhusu uanikaji wa dagaa. Sauti hizo hizo zitafungua sura ya kwanza ya kitabu, na bei zitaingia kwenye makala ya gazeti ya maneno 1,200.

Safari ilipangwa kwa mwezi wa angani, wala si kwa kalenda ya ukutani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, iwe karabai au taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, na mitumbwi inalala mchangani. Mwandishi anayetoka mjini siku ya mwezi mpevu anakuta mwalo mtupu na kuandika kwamba uvuvi umekufa. Hali kadhalika miezi ya mapumziko ya ziwa: kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa, na picha za vichanja vya kuanikia vilivyo vitupu za kipindi hicho hazisemi lolote kuhusu mwaka mzima.

Kinasa sauti kiliwekwa WAV, 48 kHz, biti 24, njia moja. Saa moja ni MB 518 hivi, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha zaidi ya saa 60. Hakuna sababu ya kurekodi MP3 ili kuokoa nafasi. Kilele cha sauti kikae kwenye −12 dB. Mwaloni watu huanza kwa kunong’ona na kumaliza kwa kupaza sauti, na sauti iliyopasuka hairekebishiki.

Upepo ndio adui mkubwa kuliko wote. Kiangazi, upepo wa kusini unavuma ziwani kwa nguvu. Sponji peke yake haitoshi; juu yake weka kifuniko cha manyoya, washa kichujio cha masafa ya chini kwenye 80 Hz, na mgeuze msemaji mgongo wake ukinge upepo. Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi *p* na *b* zisipulize moja kwa moja.

Kosa la siku hiyo lilikuwa jingine. Mahojiano bora ya asubuhi, na mama mmoja anayeanika dagaa tangu ujana wake, yalirekodiwa karibu na banda lenye majokofu. Sikio la mtu huzoea mngurumo baada ya dakika mbili, maikrofoni haizoei. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mngurumo wake unarudi kwenye 100, 150 na 200, katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Programu ya kusafisha iliondoa mngurumo pamoja na utu wa sauti ya mama. Tulirudi siku iliyofuata. Tangu hapo hatua ya kwanza ni kuvaa spika za masikioni na kunyamaza nusu dakika kabla ya kumwamkia mtu, na hatua ya mwisho ni kurekodi sekunde 60 za mazingira bila mtu kuzungumza. Sekunde hizo ndizo zinazoziba mishono wakati wa kuhariri.

Maswali nayo yana ufundi wake. Kwa mama huyo huyo, siku ya pili:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Umerudi tena?”

“Nimerudi, mama. Yale majokofu ya jana yalitumeza. Hivi, dagaa wamepungua?”

“Ee, wamepungua.”

Swali la namna hiyo linaua kipindi, kwa kuwa limebeba jibu lake. Lililofuata ndilo lililofungua mlango:

“Hawa wa leo umewapata kwa ndoo ngapi, na wa juzi walikuwa ndoo ngapi?”

Akaeleza ndoo, akaeleza mchanga, akaeleza kwa nini dagaa wa kichanja wanapata bei kuliko wa chini: mnunuzi anawasugua viganjani, na chembe za mchanga zikibaki mkononi anashusha bei papo hapo. Ishara ile ya mkono ilipigwa picha kwa karibu: kiganja cha mnunuzi, magamba yanayometa kama fedha, na punje tatu za mchanga kwenye mstari wa kiganja. Picha hiyo imeuzwa mara mbili na itakuwa kitabuni.

Jambo moja la bei: usilinganishe ndoo ya dagaa wabichi na kilo ya wakavu. Pima mwenyewe. Mizani ndogo ya kuning’iniza inaingia mfukoni.

Wiki ya 7: kunukuu na kukata

Saa moja ya sauti ya Kiswahili inachukua saa tano kunukuu, yaani kuiandika neno kwa neno. Yenye Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, ndani yake inachukua saa nane, kwani programu za kugeuza sauti kuwa maandishi hazifai kitu kwa Kiha, na hata Kiswahili cha Ujiji zinakikosea. Maneno ya Kiha yanaachwa kama yalivyosemwa, tafsiri inaandikwa chini yake, na mzungumzaji mwingine wa Kiha anasikiliza tena bila kuonyeshwa tafsiri yetu ya kwanza. Hatua hiyo tayari imetuondolea sentensi mbili zilizokuwa na maana ya kinyume.

Mgawanyo wa dakika 8: msimulizi dakika 3 na nusu, sauti za watu dakika 3, mazingira dakika 1 na nusu. Msomaji wetu anakwenda maneno 115 kwa dakika, hivyo hati ya msimulizi ni maneno 400 tu. Mwandishi wa magazeti akihamia redio huleta maneno 900 kisha akasoma mbio. Takwimu zaidi ya tatu katika dakika nane hazisikiki. Zilizobaki zilihamia kwenye makala.

Nakala za kumbukumbu ni tatu: kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nje hailali nyumba moja na kompyuta.

Wiki ya 9: “haki zote”

Pigo kubwa la mradi. Makala ya maneno 1,500 kuhusu Rüter, Tellmann na Wendt iliuzwa kwa chapisho moja. Mkataba wa kurasa mbili ulikuwa na sentensi, ukurasa wa pili, kwamba haki zote za kazi zinahamia kwa mchapishaji. Ilisainiwa kwa haraka ya kutaka malipo. Makala hiyo ilikuwa uti wa sura ya 4.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inalinda kazi ya mwandishi tangu inapoandikwa, bila kusubiri usajili, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ulinzi huo unaweza kuuzwa kwa saini moja. Lakini kinacholindwa ni namna ya kueleza. Tarehe ya meli kushushwa majini si mali ya mtu, wala majina ya mafundi, wala mambo ambayo wazee walitueleza kwa ridhaa yao.

Hapo ndipo safu ya nane ilipofanya kazi. Tulichuja jedwali: vipande 31 viliingia kwenye makala ile, na namba zake zilituonyesha daftari na faili la asili. Sura ya 4 iliandikwa upya kutoka kwenye kumbukumbu zenyewe, makala ikiwa imefungwa kabisa ili macho yasiifuate. Siku tisa zilikwenda hapo. Bila namba zile tungepoteza sura nzima, au tungechapisha kitu ambacho si chetu.

Sentensi tunayoomba iingie kwenye kila mkataba sasa ni hii: *Mwandishi anatoa haki ya kuchapisha makala hii kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili, kwa siku 90, haki nyingine zote zinabaki kwake, ikiwemo ya kuitumia katika kitabu.* Wahariri watatu walioletewa sentensi hiyo waliikubali bila neno. Wengi hutumia mkataba wa haki zote kwa sababu tu ndio uliopo kwenye kompyuta ya ofisi. Asiyekubali, bei yake iwe ya haki zote kweli, na kipande anachopewa kiwe ambacho kitabu hakikihitaji.

Ankara: andika tarehe ya kupokelewa kwa kazi, idadi ya maneno iliyokubaliwa, TIN (namba ya mlipakodi), na muda wa malipo. Kodi ya zuio kwa huduma ni 5%, kwa hiyo makala ya Sh 200,000 huleta Sh 190,000 mkononi. Dai cheti cha zuio, kwani bila hicho ile 10,000 huwezi kuionyesha wakati wa hesabu za mwaka. Iwapo makala imeagizwa na ikasitishwa si kwa kosa lako, nusu ya ada ilipwe, na hilo liandikwe kabla.

Kuhusu bahasha: nauli inayogawiwa na waandaaji wa mikutano haipokelewi kwenye mradi huu. Gharama ya boda na chai inaingia kwenye bajeti ya kipande. Mwandishi wa kujitegemea hana jina la chombo nyuma yake. Jina lake ndilo chombo.

Wiki ya 12: Ujiji

Jarida la utalii liliomba maneno 800 kuhusu kumbukumbu ya Livingstone huko Ujiji. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Mwanahabari Henry Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Tarehe iliyoandikwa kwenye mnara ni 10 Novemba, tarehe ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili waliugua njiani na kupoteza hesabu ya siku. Mhariri alitaka tarehe moja safi. Tuliandika “Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley”, maneno machache yanayosema kweli, na yakapita. Tofauti ile yenyewe ina aya mbili nzuri ndani ya sura ya 2.

Wiki ya 15: wageni wa filamu, Gombe

Siku nne za kuongoza kundi la kigeni katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kazi hii hulipa kuliko makala sita, na inakula muda kuliko inavyoonekana. Kibali cha kupiga filamu kinapitia Bodi ya Filamu, na ndani ya hifadhi kinahitajika cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pia. Anza wiki nyingi kabla, na orodha ya vifaa iwe na namba zake za kiwandani. Boti inaondoka Kibirizi alfajiri, kwa sababu ziwa huchafuka mchana. Maboya ya kuvaa yahesabiwe mtu kwa mtu kabla ya kung’oa nanga. Mwenye mafua anabaki mjini: sokwe huambukizwa maradhi yetu ya njia ya hewa, na jambo hili halina mjadala.

Lipisha kwa siku. Ukilipisha kwa kazi nzima, kila siku ya mvua ni hasara yako.

Wageni huja na habari moja tu, ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliyefika Gombe tarehe 14 Julai 1960. Ni habari kubwa na inastahili. Kazi ya mwenyeji ni kuwaonyesha pia wafuatiliaji wa sokwe wa Kitanzania ambao macho yao yamejaza madaftari ya utafiti huo kwa miongo. Kitu chochote kilichorekodiwa kwa gharama ya mteja ni cha mteja, kwa hiyo hakuna kipande cha wiki hii kilichoingia kwenye jedwali letu. Daftari la gharama tu.

Wiki ya 19: Tabora

Siku tatu, sura ya 3. Njia panda ya reli ya Mwanza na ya Kigoma ilipigwa picha kwa ruhusa ya mkuu wa stesheni. Sauti ya breki ilirekodiwa vizuri, vyuma vikilia hadi behewa la mwisho. Hakuna tatizo.

Wiki ya 20 hadi 26: kuandika

Maneno kwa wiki: 2,100, 2,600, 2,300, 900, 2,500, 2,400, 2,450. Wiki ya 900 ni ya tafsiri ya ripoti ya kilimo cha michikichi, iliyolipia karatasi. Humo tulipata neno la kazi nyingine: mbegu ya Tenera inatofautiana na Dura ya kienyeji kwa unene wa kokwa, na kokwa jembamba maana yake nyama nyingi ya kukamua mawese. Imekwenda kwenye jedwali kwa makala ijayo.

Sura zilizokwisha zinasomwa kwa sauti. Sentensi inayokata pumzi inavunjwa. Sura za 8 na 9 bado zinasimulia vita kutoka meza ya majemadari; wapagazi wanaonekana kama idadi. Zinarudiwa.

Wiki ya 28: picha za kale

Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka picha nyingi mtandaoni kwa leseni inayoruhusu kuchapisha kwa masharti ya kutaja chanzo na namba ya picha. Tatizo ni ukubwa. Picha ya pikseli 800 kwa upana, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatoa sentimita 6.8 tu. Upana wa maandishi yetu ni sentimita 11, unaohitaji pikseli 1,300. Kuinyoosha kwenye kompyuta kunaleta ukungu ambao kioo cha simu hakiuonyeshi na karatasi inauanika wazi. Picha tano zinachapishwa ndogo, na mbili zimeagizwa kwa ukubwa kamili.

Wiki ya 30: ISBN na kurasa

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13; za Tanzania hubeba namba kama 9976 au 9987 baada ya 978. Kagua tarakimu ya mwisho mwenyewe: zidisha tarakimu zote 13 kwa kupokezana 1, 3, 1, 3, jumlisha, na jibu ligawanyike kwa 10. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi wakati wa kunakili, hesabu hii hukamata makosa mengi, ingawa si yote: 1 na 6 zikipishana, jumla inabaki inagawanyika.

Kurasa 240 ni vifungu 15 vya kurasa 16. Ukifikisha 243, mtambo unadai kifungu kingine na utalipia kurasa tupu. Pembeni mwa jalada ongeza milimita 3 za kukatwa.

Wiki ya 32: jalada la majaribio

Limerudi kutoka kwa mchapaji na uti, yaani mgongo wa kitabu, umekosea. Kurasa 240 ni karatasi 120. Kwa karatasi ya gramu 80 yenye unene wa milimita 0.1 uti ni milimita 12, na jalada lilisanifiwa hivyo. Mchapaji alibadilisha aina ya karatasi ila gramu ni zile zile. Gramu ni uzito, hazisemi unene. Karatasi 100 za aina mpya zilizobanwa kwenye kalipa zimetoa milimita 11, kwa hiyo 120 ni milimita 13.2, na jina la kitabu lilikuwa limeteleza kuelekea mbele. Uti umerekebishwa, faili limetumwa tena leo mchana.

Vilivyobaki: sura ya 9, ruhusa ya picha mbili, na kumpelekea mama wa Katonga nakala ya picha ya kiganja, iliyochapishwa, kabla hajaiona kwenye kitabu.